Katriji ipi inaoana na mkono wa platini yako? Mwongozo kamili kabla hujatoa pesa

Mzee mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniita nimwangalizie platini, yaani mashine yake ya kupigia santuri. Mwanawe aliyeko ng'ambo alikuwa amemtumia katriji mpya, yaani kile kifaa kinachoshika sindano mbele ya mkono, kitu cha bei, na fundi wa mtaani alikuwa ameshaifunga. "Mutoto," akaniambia, "hii kitu ni mupya, lakini ile ya zamani ndiyo ilikuwa inaimba."

Akaweka santuri ya rumba iliyopinda kidogo, kama nyingi zilizokaa miaka karibu na dirisha linalopigwa na jua. Mkono ukawa unapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Nikatoa wavu wa spika ili nione vizuri: bakuli la spika kubwa lilikuwa linatoka na kurudi, linatoka na kurudi, bila kutoa mlio wowote. Besi ilisikika kana kwamba inapigwa ndani ya pipa la maji. Katriji haikuwa mbovu, mkono nao ulikuwa mzima. Shida ni kwamba havikuoana, na hakuna aliyepiga hesabu kabla ya kununua.

Hesabu yenyewe ni ndogo, mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ila inaanza kwenye mkono, si kwenye katriji. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunapenda katriji kwanza, halafu tunautaka mkono uvumilie.

Hatua ya kwanza: ujue mkono ulio nao

Kwanza angalia namna katriji ya sasa ilivyofungwa. Ikiwa imeshikwa na skurubu mbili kutoka juu, zikiwa zimeachana milimita 12.7, una mkono wa kawaida na dunia yote ya katriji iko wazi kwako. Ikiwa imechomekwa mbele kama plagi na kushikwa na skurubu moja ya pembeni, hiyo ni aina ya T4P. Hapo kazi yako imekuwa rahisi, kwa sababu uzito wa katriji hizo (gramu 6) na mgandamizo wa sindano (gramu 1.25) vilishapangwa kiwandani. Nunua T4P nyingine, ruka hesabu zote zinazofuata. Na ikiwa platini yako ni ile ya sanduku, yenye mkono mwepesi wa plastiki na katriji ya kauri, badilisha sindano tu. Mkono ule haukujengwa kubeba katriji ya sumaku, na ndani ya sanduku hamna sakiti ya kuipokea.

Kisha pima afya ya mkono. Ondoa kizuia-mteleko, yaani kifaa kinachouvuta mkono upande wa nje, kiweke sifuri. Sawazisha jiwe la nyuma hadi mkono uelee mlalo wenyewe. Sasa upulizie taratibu, pumzi ya kupoza chai. Lazima usogee kwa hiari na kutulia bila kukwama mahali popote. Ukikwama, au ukicheza ovyo kwenye ekseli zake, acha habari za katriji, tengeneza mkono. Wenye Lenco L75, na hapa Lubumbashi bado zipo katika nyumba za wazee, watazame vile vipande viwili vya mpira vyenye umbo la V vinavyobeba mkono. Karibu vyote vimekauka na kumeguka kwa umri. Vipya vinauzwa, na vinabadilisha sauti kuliko katriji yoyote utakayoweka juu ya vile vilivyooza.

Mwisho, tafuta namba moja: uzito tendaji wa mkono. Huu si ule utakaousoma ukiuweka mkono kwenye mizani. Ni uzito ambao sindano inauhisi inapojaribu kuusukuma mkono juu, chini na pembeni. Kitabu cha platini huuandika kwa gramu. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ina gramu 12 bila katriji. Pro-Ject Debut Carbon ina gramu 6 hivi. Kama kitabu kimepotea na huna pa kuuliza, usikate tamaa, nitarudi kwenye jambo hilo.

Hatua ya pili: hesabu

Sindano imeshikwa na kijiti chembamba, na kijiti kimeshikwa na kipande cha mpira ndani ya katriji. Mpira ule ni springi. Ulaini wake ndio unaoitwa mnepo. Kwenye karatasi za viwanda utakutana nao kwa jina la komplayansi, katika kipimo cha µm/mN. Namba kubwa, mpira laini. Namba ndogo, mpira mgumu.

Aliyewahi kufuata malori ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, ataelewa mara moja. Chukua springi za lori la shaba uzifunge kwenye Corolla: gari litaruka kila kokoto. Chukua springi za Corolla uzifunge kwenye lori: litalala, na kila tuta litaliyumbisha mpaka bondeni. Mkono mzito unataka katriji ngumu. Mkono mwepesi unataka katriji laini.

Kila uzito uliokaa juu ya springi una mtetemo wake wa asili, na mtetemo wa mkono na katriji tunautaka uwe kati ya Hz 8 na 12 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Chini ya hapo kuna mipindo ya santuri na hatua za miguu ya watoto sebuleni. Juu yake, kuanzia Hz 20, kuna muziki. Tunauweka mtetemo kwenye uwanja mtupu ulio katikati, usisumbuliwe na huku wala kule.

Vitabu vitakuambia ugawanye 159 kwa kipeuo cha pili cha uzito mara mnepo. Mimi nimechoka na vipeuo, nafanya hivi: jumlisha uzito tendaji wa mkono, uzito wa katriji, na nusu gramu ya skurubu. Zidisha jumla hiyo kwa mnepo. Zao likiwa kati ya 175 na 395, mko salama. Likikaribia 250, mmefika Hz 10 na hamna la kudai.

Kabla hujazidisha, kuna mtego ambao umeshaniponza. Viwanda vya Japani hupima mnepo kwenye Hz 100, vya Ulaya kwa kawaida kwenye Hz 10. Mpira uleule huonekana mgumu zaidi kwenye Hz 100. Kwa hiyo namba ya Kijapani izidishe kwanza kwa 1.7. Ni makadirio, wengine hutumia 1.5, wengine 2, lakini yanakufikisha. Na ukiona namba mbili, mnepo tuli na mnepo wa mwendo, chukua wa mwendo. Ule tuli huwa mkubwa na unadanganya.

Tuchukue mkono wa Technics, gramu 12, tuujaribu na katriji tatu.

Audio-Technica AT-VM95E ina uzito wa gramu 6.1, mnepo 7 kwenye Hz 100, yaani 12 hivi. Jumla ni 18.6, mara 12 ni 223. Mtetemo unaangukia Hz 10.6. Ndoa nzuri.

Ortofon 2M Red ina gramu 7.2 na mnepo 20, hauhitaji kugeuzwa kwa kuwa ni ya Ulaya. Jumla ni 19.7, zao ni 394. Hz 8 kamili, ukingoni. Itapiga vizuri kwenye santuri zilizonyooka, ila kwa mwenye santuri zilizopinda, na nani kwetu hana, itaanza kupumua.

Denon DL-103, katriji inayosifiwa tangu miaka ya 1960, ina gramu 8.5 na mnepo 5 wa Kijapani, yaani 8.5. Jumla 21, zao 178. Hz 12, ukingo wa upande wa pili. Hapa kuna dawa: badala ya kichwa cha kawaida, yaani kile kipande cha mbele cha mkono kinachobeba katriji, funga kizito zaidi kwa gramu 6. Sasa ni 27 mara 8.5, sawa na 229, na mtetemo unarudi Hz 10.5. Lakini katriji hiyohiyo kwenye mkono wa gramu 6 inatoa zao la 127, Hz 14. Wanaoweka DL-103 kwenye mikono ya kaboni kisha wakalalamika kwamba ni kavu, wanailaumu bure.

Na yule mzee wa Kamalondo? Katriji yake ilikuwa ya zama zile za mashindano ya mpira laini, mnepo 30, gramu 6, kwenye mkono kama wa Technics. 18.5 mara 30 ni 555. Hz 6.7. Ndiyo maana mtumbwi.

Sasa kwa asiyejua uzito tendaji wa mkono wake. Makadirio ya haraka: mikono iliyo chini ya gramu 10 ni myepesi, 10 hadi 20 ni ya wastani, juu ya hapo ni mizito. Katriji yenye mnepo wa 12 hadi 15 mara nyingi haitakuaibisha kwenye mkono wa wastani, na kama huna namba yoyote, simama hapo. Ukiweza kuazima santuri ya majaribio yenye milio ya chini inayoshuka hatua kwa hatua, angalia mkono unatikisika kwenye Hz ngapi ukiwa na katriji unayoijua. Gawanya 25,281 kwa Hz hizo mara zenyewe. Tuseme ni Hz 9 na katriji ni VM95E: 25,281 kwa 81 ni 312, gawanya kwa mnepo 12 unapata gramu 26, toa 6.6 za katriji na skurubu. Mkono wako ni gramu 19 na ushee.

Hatua ya tatu: ncha ya sindano, kulingana na santuri ulizo nazo

Hapa ndipo mashabiki wa Ulaya na sisi tunapoachana. Wao wana santuri mpya za gramu 180 zilizofungwa kwa nailoni. Sisi tuna za urithi: za dakika chache kutoka Kinshasa zilizopigwa kwenye baa hadi zikawa za kijivu, na waliobahatika wana za 78, yaani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, za kina mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, nzito na za kuvunjika kama sahani ya udongo.

Kwa za 78, sindano ya kawaida ni kosa. Mfereji wake ni mpana, unataka ncha ya maikroni 76 hivi, ilhali ncha ya duara ya santuri za kawaida ni kama 18. Sindano nyembamba inazama hadi chini ya mfereji na kukuletea uchafu wa miaka 70 badala ya gitaa.

Kwa santuri ndogo zilizochakaa, kuna mabishano yasiyokwisha. Ncha ya duara ni mvumilivu: inapita juu ya mikwaruzo kama tairi pana juu ya mashimo. Ncha ya duaradufu inatoa sauti kali na safi zaidi, lakini pia inasema ukweli wote kuhusu hali ya santuri. Ncha nyembamba sana, ya aina ya mikrolaini, wakati mwingine inafanya muujiza: inagusa ukuta wa mfereji mahali ambapo sindano za zamani hazikuwahi kufika, na santuri uliyodhani imekufa inafufuka. Wakati mwingine haifanyi kitu. Inategemea ni sindano gani iliila kwanza.

Ndiyo maana mimi, nikiulizwa na mtu wa hapa, namtaja ukoo wa VM95 kabla ya wengine. Si kwamba ndio bora duniani. Ni kwamba mwili mmoja unapokea sindano zote za ukoo huo: C ya duara, E ya duaradufu, ML ya mikrolaini, na SP kwa ajili ya 78. Unavuta moja, unachomeka nyingine. Kumbuka tu kwamba SP inataka mgandamizo wa gramu 5 wakati E inataka 2, kwa hiyo kila ukibadilisha unarudi kwenye mizani. Na platini yako lazima iwe na mwendo wa 78. SL-1200MK2 haina, Lenco L75 inao.

Ortofon nao wana busara kama hiyo kwa kiwango kidogo: sindano ya 2M Blue inaingia kwenye mwili wa 2M Red. Anza na nyekundu, panda bluu mfuko ukiruhusu.

Kuhusu umri, Audio-Technica wenyewe hukadiria saa 300 kwa duaradufu, 500 kwa duara, 1,000 kwa mikrolaini. Ukipiga saa moja kila jioni, duaradufu haimalizi mwaka. Piga hesabu ya bei kwa saa na utaona ile ya ghali si ghali sana.

Hatua ya nne: ampli itaipokea?

Katriji za MM, zenye sumaku inayotembea, hutoa milivolti 3 hadi 6 na zinaingia kwenye tundu la PHONO la ampli yoyote ya zamani. Za MC, zenye koili inayotembea, kama DL-103, hutoa milivolti 0.3 tu. Zinataka priampu ya kuzikuza mara kumi zaidi, na zinakuza pia mvumo wa umeme wetu wa nyumba zisizo na waya wa ardhi. Kama hujaweza kuunyamazisha mvumo ulio nao sasa, baki kwenye MM.

Halafu kebo. Kila katriji ya MM inataka kiasi fulani cha pikofaradi, kipimo cha chaji ambayo kebo inaihifadhi, kati yake na ampli: VM95 inataka 100 hadi 200 kwa jumla, 2M Red 150 hadi 300. Zikizidi, sauti za juu zinakuwa kali, zinakwaruza masikio, na utailaumu sindano. Niliwahi kukuta platini kwenye mtaa wa Katuba ambayo fundi alikuwa ameirefushia waya kwa mita tatu za kebo ya antena. Kebo ile ina kama pikofaradi 50 hadi 70 kwa kila mita. Tuliikata ikabaki mita moja, na mwenye nyumba akadhani nimebadilisha spika.

Hatua ya tano: kununua

Sitasema mengi. Mimi mwenyewe nilishauziwa kwenye duka moja la mtandaoni sindano "mpya kabisa" ya Shure. Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na bandia zikajaa. Ncha ilikuwa imebandikwa upande, unaiona kwa kioo cha kukuzia cha sonara. Kwa hiyo nunua aina ambayo bado inatengenezwa, na mwambie anayekuletea, iwe kutoka Johannesburg au Dubai, asiitoe kwenye kasha lake na asiitupe kwenye sanduku la kupakia ndegeni.

Hatua ya sita: kuifunga

Fanya mchana. Usifanye usiku ukitegemea umeme, maana utakatika ukiwa na skurubu mdomoni. Tandika taulo jeupe mezani, skurubu ikidondoka isipotee. Utahitaji bisibisi ndogo isiyo na sumaku, kibano, kioo kidogo, na mizani ya dijitali ya sonara inayosoma sehemu za mia za gramu. Mizani ndiyo usiyoweza kuikosa.

Kifuniko cha sindano kibaki mahali pake hadi mwisho. Toa nyaya nne za zamani kwa kushika kile kishikizo cha chuma kwa kibano, karibu na pini, si waya wenyewe. Waya ule ni mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Niliwahi kuuvuta kwa haraka, ukakatika kwenye shingo ya kishikizo, na nikakaa siku tatu bila muziki nikitafuta mtu mwenye chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba. Rangi ni hizi: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Kishikizo kikiwa kipana, kibane kidogo juu ya kijiti cha meno. Kikiwa chembamba, kitanue kwa kijiti hichohicho. Usikilazimishe kwenye pini.

Kaza skurubu nusu tu, katriji iweze kusogea. Toa kifuniko. Sawazisha mkono uelee, kisha weka mgandamizo kwa mizani: VM95E gramu 2, 2M Red 1.8. Msiogope gramu. Wengi hupunguza wakidhani wanahurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua. Ukikosea, kosea kwa kuzidisha kidogo, ndani ya kiwango kilichoandikwa.

Kisha sogeza katriji mbele au nyuma. Kwenye Technics ni rahisi: milimita 52 kutoka mpira wa kichwa hadi ncha. Kwa mikono mingine chapisha karatasi ya kupangia yenye nukta mbili, milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya santuri. Kwenye nukta zote mbili mwili wa katriji uwe sambamba na mistari. Utarudi nukta ya kwanza, utarudi ya pili, utatukana kidogo. Ni kawaida.

Weka kioo juu ya platini, shusha sindano taratibu, tazama kwa mbele: katriji na kivuli chake viwe mstari mmoja ulionyooka. Tazama kwa pembeni: mkono uwe mlalo sindano ikiwa ndani ya mfereji. Katriji mpya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, inua kitako cha mkono kwa pete yake. Mikono mingi ya Rega haina pete hiyo, inataka kipande cha kuinulia, kwa hiyo pima urefu wa katriji kabla ya kununua. Kaza skurubu, pima mgandamizo tena kwa sababu umebadilika, na kizuia-mteleko kiweke namba sawa na mgandamizo.

Hatua ya saba: kuthibitisha

Chukua santuri iliyopinda, ile mbaya kuliko zote. Ondoa wavu wa spika, weka simu yako irekodi mwendo wa polepole ikielekezwa kwenye katriji. Nafasi kati ya tumbo la katriji na santuri isibadilike sana inapopita kwenye mpindo. Ikifunguka na kufunga kama mdomo wa samaki, zao lako ni kubwa mno: tafuta kichwa chepesi zaidi. Ikiwa besi ni kavu na mkono unatetemeka kwenye noti nzito, zao ni dogo. Ongeza uzito wa gramu mbili tatu juu ya kichwa. Wenzetu wa nchi nyingine hubandika sarafu. Sisi sarafu hatuna tena mifukoni, pete bapa ya chuma ya kuwekwa chini ya nati, iliyopimwa kwenye mizani, inafanya kazi hiyohiyo. Kila ukiongeza, sawazisha upya.

Asubuhi za Juni na Julai usihukumu chochote kabla chumba hakijapata joto. Baridi yetu ya kiangazi inakaza mpira wa katriji, na hata iliyofungwa vizuri itasikika ngumu hadi saa nne. Vumbi jekundu la msimu huohuo nalo linajikusanya kwenye ncha: brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kila upande wa santuri.

Katriji ya mzee niliitoa. Tuliifunga kwenye platini ya jirani yake yenye mkono wa gramu 6, zao likawa 375, na kwa sasa iko huko kwa mkopo usio na tarehe. Yeye alipata VM95E. Baada ya saa thelathini hivi za kupiga, mpira ukiwa umelegea, nilirudi na mizani kupima tena mgandamizo. Ulikuwa 1.93, nikaurudisha 2. Alikuwa ameacha wavu wa spika nje makusudi, ili awaonyeshe wageni kwamba bakuli halichezi.